Wimbo wa Mwisho Upande wa Pili

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mke wangu, Mama Katunge, yuko kwao Tawa tangu Krismasi, akimuuguza mama yake aliyevunjika mguu. Leo amepiga simu. Mama mkwe amepona! Anatembea mpaka kanisani bila fimbo. Nikasema Bwana asifiwe. Mke wangu akangoja niendelee. Nikaaga haraka, kwa sababu nina siri.

Siri iko mezani: mashine ya kuchezea santuri niliyoipata Kitui mjini, na juu yake ile santuri iliyopigwa siku ya harusi yetu. Akirudi, ataingia mlangoni na kuusikia wimbo wetu. Atalia. Nitamfuta machozi. Mpango hauna kasoro.

Kasoro ni moja. Wimbo wetu ndio wa mwisho upande wa pili, karibu kabisa na katikati ya santuri, na hapo sauti inakwaruza kama mandazi yakikaangwa. Nyimbo za kwanza, safi! Ukifika wetu, mandazi. Jonah, mwenye hoteli kule Kitui na mpenzi wa santuri, ameniambia kwenye simu kwamba sindano imekaa upande. Inahitaji protrakta, kifaa cha kuinyooshea.

Jumanne, 4 Machi

Nimenunua protrakta ya watoto wa shule. Ina digrii mia na themanini. Sindano haikujali hata moja.

Wakati huo huo akaingia Ndululu, mwalimu wa kwaya. Alifiwa na mke. Nadhifu kupita kiasi. Akasikiliza kidogo, akauliza kama nimeanza biashara ya mandazi. Kisha akatoa simu yake, akaucheza wimbo wetu palepale! Safi kama maji ya tangi. Nikamwambia simu si santuri. Akasema Jumamosi anapeleka kwaya Tawa na gari lake, je, amsalimie Mama Katunge? Nikamwambia hapana. Kwa nini ameuliza huku akirekebisha kola?

Jumatano, 5 Machi

Jonah anasema vifaa viko vya aina tatu: cha karatasi, cha kioo na cha chuma. Cha chuma hutoka ng'ambo. Cha karatasi unachapisha tu. Nikachagua karatasi. Mapenzi hayahitaji chuma.

Nzisa, anayetuchapishia karatasi pale cyber, aliiangalia ile karatasi yenye mistari na vitone, akaniuliza kama ni ramani ya shamba, na kama shamba lina kesi. Nikaenda nyumbani. Mchana kutwa nimeinama na lenzi, nikalegeza skrubu, nikasogeza, nikakaza. Nikacheza. Sasa mwimbaji anaimba kama amebanwa pua!

Nimerudi kwa Nzisa. Anasema mashine yake hupunguza kila kitu ili kienee kwenye karatasi. Yaani nimenyoosha sindano kwa kipimo cha santuri ya sungura.

Muthokoi wangu, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, umeungua. Mama Katunge huugeuza bila hata kuutazama.

Alhamisi, 6 Machi

Mama Katunge amepiga simu. Ameniuliza nakula nini. Nikasema nakula vizuri. Akauliza kama paka amezaa. Nikasema ndiyo, kwenye sanduku lake la nguo. Akacheka. Ngai, Mungu wangu! Kile kicheko. Nimeishikilia simu kama yai.

Kisha akasema, "Baba Katunge, mbona huniulizi ninarudi lini?"

Nikamwambia nataka kumwuliza vizuri.

"Uliza vibaya basi."

Kidogo niulize. Maneno yalifika mdomoni kabisa. Lakini nikayasikia yale mandazi kichwani. Nikamwomba angoje kidogo, kuna kitu nanyoosha. Akasema haya. Ile haya ilikuwa fupi sana.

Ijumaa, 7 Machi

Kitui, kwa Jonah. Ameniazima kifaa cha kioo. Nimefika nacho nyumbani, kinalala mahali pa santuri. Unaishusha sindano juu ya kitone, na kivuli chake ndani ya kioo kinakuonyesha kama imesimama sawa. Mara ya kwanza sikuona sindano. Niliona uso wangu. Kumbe mtu asipoambiwa na mtu wake anyoe, hanyoi.

Nikarekebisha. Nikacheza wimbo wetu.

Safi! Safi kabisa! Sauti kwenye spika ya kushoto, gitaa kulia, kama siku ya harusi uwanjani kwao Tawa, yeye na viatu vya kuazima vilivyombana, akakataa kuvivua, akacheza tu. Nikakalia upande wangu wa kochi. Upande wake uko bado umebonyea.

Ilibaki kuboresha kidogo tu, unywele mmoja. Nikagusa. Waya ukakatika. Spika ya kushoto kimya. Gitaa peke yake linamngoja mwimbaji ambaye haji.

Jumamosi, 8 Machi

Gari la Ndululu limesimama mlangoni! Nikatoka na bisibisi mkononi, tayari kwa lolote. Akashuka Mama Katunge, na kuku, na ndengu, na godoro la mama yake la zamani. Anasema aliomba lifti mwenyewe, kwa sababu mwanamume wake ananyoosha vitu badala ya kuja kumchukua. Ndululu alisalimu, akaondoka. Nimemfikiria vibaya. Kidogo.

Mama Katunge aliona mashine. Akauliza hii ndiyo uliyokuwa unanyoosha? Nikaicheza kwa aibu. Gitaa tupu. Nikaanza kueleza habari za kioo, za waya, za kushoto. Hakunisikiliza. Aliweka kuku chini, na mahali pa mwimbaji akaimba yeye. Maneno yote. Alikosea ubeti wa pili na hakujali.

Mimi ndiye niliyelia.

Alhamisi, 13 Machi

Siku zimekuwa tamu. Waya nimeuunga. Wimbo unasikika vizuri, yeye anasema vizuri sana.

Lakini Jonah amepiga simu. Anasema kunyoosha ni nusu ya kazi. Sindano lazima pia ipimwe uzito, na kuna mizani ndogo ya kufanyia hivyo. Inachukua muda kufika.

Jambo limejipa! Mama Katunge alikuwa anakwenda Kyuso kumwona shangazi yake Mutanu, alale siku mbili arudi. Nimemsihi asiharakishe. Akae hata mwezi. Nataka akirudi asikie wimbo kama hajawahi kuusikia. Akafunga mkoba, akaenda.

Sasa nyumba kimya. Nimekaa mlangoni natazama barabara, na moyo unaniuma. Sijui kwa nini huyu mwanamke hapendi kukaa nyumbani.