Injini ya Ndege na Salfa ya Mama Mkwe

Jumatatu, 8 Julai
Imewaka! Imenguruma uani hadi kuku wa mke wangu Adija wakahamia kwa jirani. Injini ya ndege, hapahapa Milola, kwa tabo, ile feni ya kusukumia hewa, niliyoifungua kwenye lori bovu la Fuso. Nitaifunga kwenye kindege kisicho na rubani, kipulizie salfa, ile dawa ya unga, mikorosho ya kijiji kizima. Utajiri huo! Kasoro moja tu: inabugia mafuta ya taa, si mchezo. Xaveri, fundi pampu, kapita kucheka. Eti kindege kitaishiwa mafuta kabla hakijavuka choo changu. Mshenzi.

Jumatano, 10 Julai
Dawa nimeipata. Joto lote linatokea nyuma, linapotea bure. Nimezungusha mabomba lirudi mbele, lipashe hewa kabla haijakutana na mafuta. Mafuta yatatumika kiduchu. Akili ni nywele, na zangu ni msitu! Ila sasa injini imekuwa nzito kuwaka, inataka kupulizwa kwa nguvu. Nani ana kipulizio? Mama mkwe. Pampu yake ya salfa, ile ya kubeba mgongoni. Nimemtuma Adija akaiombe, aseme nitampulizia mikorosho yake mwenyewe. Bibi wa watu kaniombea dua.

Ijumaa, 12 Julai
Yarabi! Nimeelekeza pampu kwenye mdomo wa injini, nikaiwasha. Kumbe ilikuja imejaa salfa, wala sikuchungulia. Yote imeingia motoni. Moto wa buluu! Moshi unakaba koo. Tumekimbia wote, mbuzi mbele. Bomba la pampu limeyeyuka, na pampu yenyewe imezima, haiwaki. Maua ya mikorosho ya mama mkwe hayajapata hata chembe. Ubwiri, ule ukungu mweupe, ukiyawahi, hana korosho mwaka huu, na hana kingine cha kumlisha. Nimelia, na si kwa moshi peke yake. Adija kasema niende nikamwambie mwenyewe. Mkwe! Uso kwa uso! Bora ardhi inimeze.

Jumamosi, 13 Julai
Nimemeza kiburi, nimeipeleka kwa Xaveri. Kacheka mpaka kakaa chini. Kisha kaifungua: plagi imeziba, basi. Kaibadilisha, na bomba pia, kisha kanikopesha mfuko wa salfa. Kavuta kamba, imewaka! Alhamdulillahi! Nimemkumbatia, mshenzi yule.

Jumapili, 14 Julai
Alfajiri, umande ukiwa bado majanini, nimepuliza mikorosho yote ya mama mkwe. Maua yamekaa manjano, yanapendeza. Roho kwatu! Jioni bibi kamtuma Adija na jogoo, na salamu kwamba mkwe kama mimi hapatikani: tangu Ijumaa alisikia harufu ya salfa, akajua nimeanza kazi. Adija siri ya moto hajaitoa. Mungu ambariki. Nimekula jogoo kwa amani.

Jumanne, 16 Julai
Fundisho nimelipata: pampu ile ilikuwa ndogo kwa injini yangu. Leo Xaveri kaenda msibani Kilwa Masoko. Kwa kuwa tumepatana, kaniachia ufunguo wa banda, nimlindie pampu yake kubwa. Kasisitiza imejaa salfa, nisiiguse kabisa.
Siigusi. Naiwasha tu.