Ukoo Mzima kwa Kipigo Kimoja

Jumanne, 8 Julai 1986. Nyaishozi.

Leo nimekuwa mtu mkubwa. Mzungu wa mradi wa kahawa anarudi kwao. Kwa kuwa niliwahi kumpiga picha juu ya pikipiki bila kumkata kichwa, ameniachia lenzi. Ndogo! Fupi kama kizibo cha chupa. Inaingia kwenye kamera yangu ya kidirisha, ile ambayo mimi nachungulia kwa juu na lenzi inatazama mambo yake kwa chini. Kila kitu unazungusha mwenyewe kwa vidole. Na ni pana! Pale lenzi yangu ya zamani inapoona kitanda, hii inaona kitanda, kuta mbili na kuku.

Pamoja nayo kulikuwa na kidirisha kingine kidogo cha kuchomeka juu ya kamera. Mzungu akaeleza kwa kirefu kwamba kidirisha cha kawaida kinaonyesha sehemu ya katikati tu, na bila hiki kidogo sitajua nini kimeingia pembeni. Nikaitikia kwa heshima zote. Mimi nina macho mawili, yananitosha. Kabla ya jua kuzama kile kidirisha kidogo nilishampa fundi wa mabango kama malipo, naye atanichorea bango la studio: PICHA PANA, UKOO MZIMA KWA MPIGO MMOJA.

Jumatano, 9 Julai.

Bango limesimama. Fundi ameandika UKOO MZIMA KWA KIPIGO KIMOJA. Watu watatu wamekuja kuuliza nampiga nani. Protase, mwenye studio ya ng'ambo ya barabara na kamera kubwa kama tofali, alikuja pia. Akalisoma kwa sauti mara mbili, akanipongeza. Akasema lenzi yangu ingefaa kuwa kifungo cha koti. Nimemsamehe. Sijamsamehe.

Mchana akaja Sibomana wa Igurwa. Mama yake, Bibi Nyirabageni, kifua kimembana, mwezi sasa hatoki chumbani. Anataka kitu kimoja tu: picha yenye watoto na wajukuu wake wote, yeye akiwa katikati, kitandani. Pamoja naye ni watu kumi na tisa. Protase alishakwenda. Akajibana mgongo ukutani, akapata watu saba na goti la wa nane. Akashauri wabomoe ukuta. Ushauri wa busara kabisa, nyumba ya watu!

Sibomana aliniuliza kama naweza, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuomba. Nikamwambia kumi na tisa ni wachache, kama ana majirani awaongeze.

Tumepatana Jumamosi. Dada yake Kampire atakuwa amefika kutoka Kimuli na wanawe sita. Jumanne asubuhi lazima arudi, ameacha kahawa kwenye mikeka.

Jumamosi, 12 Julai.

Ushindi! Wote kumi na tisa chumbani. Wajukuu kitandani kama ndizi kwenye mkungu, wakubwa ukutani, Kampire juu ya sanduku. Mimi pembeni, nimezungusha lenzi mpaka alama ya futi tisa. Huo ndio uzuri wake: ukishaiweka hapo, wa karibu na wa mbali wote wanatoka safi. Nikapiga filamu nzima. Kwenye kidirisha kila uso ninaouona unang'aa! Bibi Nyirabageni alinitazama muda wote bila kupepesa. Kuna watu wanajua kuheshimu ufundi.

Nimekula ndizi na maharage, nimekunywa pombe ya rubisi. Nikawasimulia nilivyompiga picha askofu. Sijawahi kumpiga picha askofu.

Jumapili, 13 Julai.

Baada ya misa nimeingia stoo, nikaziba mwanga kwa mablanketi, nikasafisha filamu. Imetoka nyeupe kama maji. Hakuna Sibomana. Hakuna bibi. Hakuna hata kitanda!

Nikalaumu dawa. Nikalaumu maji ya kisima. Nilikuwa naanza kumlaumu Protase wakati mke wangu Placidia alipoinua kamera mezani, akaigeuza.

"Baba Eustadia, hii kofia ya lenzi huwa inavuliwa saa ngapi?"

Kidirisha kiko juu, lenzi iko chini. Unaweza kuziba lenzi siku nzima na kidirisha kikaendelea kukuonyesha dunia na uzuri wake. Nani alibuni kitu cha namna hii?

Placidia amesema niende nikaseme ukweli. Wanawake wana ushauri rahisi sana. Mimi nimepata bora: nitasema bibi alifumba macho.

Jumatatu, 14 Julai.

Nimefika Igurwa mapema. Nikatoa shikamoo kwa unyenyekevu, nikawaeleza kwamba kwa bahati mbaya bibi alifumba macho. Sibomana akauliza, katika picha zote? Nikasema zote. Kwa wazee hutokea.

Bibi akaniita karibu. Kila neno alilitangulizia pumzi.

"Mwanangu, mimi sikufumba. Nilikuwa nakutazama. Mashine yako ndiyo ilikuwa imefumba."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ningesema, ungemaliza siku ile ile, nao wangekwenda zao. Tangu tuvuke mto Kagera tukikimbia kwetu, sijawahi kulala na wote chini ya paa moja. Nikawaomba wangoje mpaka urudi, nikapata siku mbili zaidi."

Kampire aligeukia ukuta. Mimi nikawa napangusa lenzi, kwa muda mrefu kuliko lenzi ilivyohitaji.

Kisha kazi. Kofia nilimpa Sibomana aishike mkononi, niione. Lakini kwenye kidirisha nilikuwa naona watu kumi tu. Wengine nikawaambia wamo, nikiomba iwe kweli. Taa sina, mwanga ni wa mlango na dirisha, kwa hiyo niliegemeza kamera kwenye mwimo wa mlango na kuwaambia wote wabane pumzi. Bibi naye akavuta ile yake ndogo, akaishikilia kama wengine. Niliona aibu kidogo. Ikapita.

Alhamisi, 17 Julai.

Imetoka! Wote kumi na tisa, hadi mtoto wa Kampire aliyejificha nyuma ya pazia. Bibi katikati, macho wazi kama ya msichana. Sijawahi kupiga picha nzuri namna hii, na sisemi hivyo kwa kuwa ni mimi. Nasema kwa kuwa ni mimi na ni kweli.

Halafu nikatazama kushoto. Dirishani, kichwa na mabega, kamera yake kifuani, meno yote nje: Protase! Alikuja kunichungulia nikishindwa. Lenzi ikamkaribisha.

Nikachukua wembe nimkwangue. Placidia akanipokonya, nilikuwa nimeshaanza na sikio la Sibomana. Nikachapa nyingine, nikaipeleka hivyo hivyo.

Bibi aliwahesabu kwa kidole, mmoja mmoja, akiwataja majina. Akafika ishirini. Akasimama. Akarudia, akafika ishirini tena. Alipomtambua Protase alicheka mpaka wakamletea maji. Nikasema naweza kumwondoa, ni kazi ndogo.

"Mwache," akasema. "Ametembea mbali hivyo kuja kututazama. Na yeye awemo."

Na mimi je? Mimi simo. Hakuna aliyeuliza.

Jumanne, 29 Julai.

Bibi Nyirabageni anatembea! Kifua kimeachia. Wote tumefurahi, mimi zaidi ya wote, kwa sababu sasa anazunguka nyumba kwa nyumba na picha mkononi. Watu wanaitazama, wanamwona mtu mwenye kamera, wanahitimisha. Igurwa nzima inaiita picha ya Protase. Familia tatu zimeshakwenda kumwita. Nasikia wakimsifu yeye huinamisha kichwa tu, hakubali wala hakatai. Mnyenyekevu sana.

Nimekwenda kumwambia bibi arekebishe. Amesema kila mahali anaeleza kwamba aliyepiga ni yule mwingine, lakini jina langu linamtoka kichwani.

Jumapili, 3 Agosti. Kimuli.

Nimekaa nikatafakari kwa siku tano. Mtu lazima ajifunze kutokana na makosa yake, na mimi nimelipata kosa. Lilikuwa moja tu: dirisha.

Kwa hiyo leo nimejipanga. Kwaya ya Kilutheri ya hapa, waimbaji hamsini na sare mpya, wamenipa kazi ya picha ndani ya kanisa lao. Nimefika mapema. Kabla ya kumpanga mtu yeyote nimefunga madirisha yote, moja baada ya jingine, nikaufunga na mlango, nikatia komeo. Protase hata awe mjusi, leo hapati pa kuchungulia.

Mwalimu wa kwaya, Bwana Rwegoshora, aliniuliza kwa adabu, kutoka mahali fulani gizani, kama kweli picha itatoka.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Lenzi ni pana.