Ombi la Kijiji cha Kwa Tsuma Kurudishiwa Umaskini Wake

Kahindi Ngumbao,
Katibu, Kamati ya Zahanati,
Kwa Tsuma, kupitia Jilore.

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Faida za Madini.

Mheshimiwa,

MINTARAFU: UMASKINI WETU ULIOCHUKULIWA

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako. Kamati imenituma nikuombe jambo moja kwa heshima zote: turudishieni umaskini wetu. Tuliuzoea, tulijua kuutumia, na ulikuwa na manufaa mengi kuliko huu utajiri.

1. Kabla ya kupatikana ule mchanga mweusi chini ya mikorosho ya Mzee Ngala, tulikuwa maskini wa kutambulika. Kwa sababu hiyo tulikuwa na zahanati, na ndani yake mlikuwa na muuguzi, Sista Linet, aliyezalisha nusu ya watoto wa hapa. Wafadhili walituletea vyandarua mpaka vingine tukafugia kuku. Ulipogunduliwa mchanga tukaambiwa kwamba eneo letu sasa ni tajiri, na fedha za umma hazina budi kwenda kwa wenye shida. Sista Linet akahamishiwa upande wa Kikambala, ambako mchanga ni wa kulalia watalii tu, kwa hivyo wanahesabiwa kuwa na dhiki kutushinda. Zahanati ikatiwa kufuli. Hatuwaonei kijicho wenzetu wa Kikambala. Tunauliza tu foleni ya dhiki inaanzia wapi, nasi tukapange.

2. Ofisi yako ilimtuma afisa wa tathmini, Bi Hope, binti mwenye adabu zake, atoke Nairobi aje kuona tunakosa nini, ili mgao wa madini ujue pa kwenda. Mheshimiwa, huku kwetu mgeni hatupiwi matatizo angali amesimama. Akiuliza habari huambiwa njema, hata kama ndani kuna maiti. Hupewa kiti, hupewa maji, hula, na akishanawa mikono ndipo husimuliwa habari zenyewe. Bi Hope aliuliza habari za zahanati, tukasema njema. Akauliza za maji, tukasema njema. Za shule, njema kabisa. Tukamsihi akae, kuku yuko jikoni. Akashukuru, akasema ana haraka, akaingia garini. Tuliikimbilia gari hiyo na matatizo yetu mpaka barabarani, lakini vioo vilikuwa vimepandishwa. Kuku tukamla wenyewe kwa majonzi. Tangu hapo kila tukilalamika tunajibiwa kwamba wananchi kwa vinywa vyao walithibitisha kuwa hali ni njema. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu wetu alikuja, nasi tukazidi kuugua.

3. Nisiwe mwizi wa fadhila, maendeleo yamekuja. Tumetiliwa lami kutoka machimboni hadi barabara kuu, lami laini ya kutandikia mkeka. Ila hapiti mtu juu yake isipokuwa malori ya mchanga, na yameandikwa ubavuni kwamba ni marufuku kubeba abiria. Pale njia panda tumejengewa sanamu ya sepetu, ndefu kuliko mnazi, kuashiria neema yetu. Sanamu imewekewa mlinzi mwenye sare na mshahara. Kwa hivyo anayehudumiwa na mfanyakazi wa serikali kijijini kwetu ni sepetu peke yake, na hata siku moja hatujalisikia likikohoa.

4. Sasa niseme la moyoni. Mkaza mwanangu, Priscilla, ana mimba pevu. Mtoto wake wa kwanza alimfia tumboni, juu ya bodaboda, baada ya kufika zahanati na kukuta kufuli. Ninaogopa, Mheshimiwa. Kila akishika kiuno, mimi hushika kichwa. Huyu wa pili nisingependa azaliwe katika utajiri.

5. Kwa hayo, tunaomba itangazwe rasmi kwamba madini hayapo. Tuko radhi kuapa kwamba mchanga ule umekuwa mweusi kwa masizi ya sufuria za mababu zetu. Hilo likishindikana, madini yahamishiwe ng'ambo ya mto kwa kina Nzai, waliotudhulumu bao kwenye fainali, wao wanastahili. Hilo nalo likishindikana, shimo lifukiwe, majembe tunayo. Na ikiwa mchanga hauwezi kuondoka kabisa, basi tuondoke sisi. Tupelekeni mahali pakavu, pasipo hata kokoto ya thamani, penye zahanati.

Penye miti hapana wajenzi, na sisi miti imeshatuchosha.

Wasalimie wote hapo ofisini, wakubwa kwa wadogo. Msalimie na Bi Hope, umwambie aje tena, ila safari hii aje na njaa. Na ukipita Kikambala, Sista Linet mpe mkono wetu.

Wako mtiifu, katika neema tusiyoiomba,
Kahindi Ngumbao.

TANBIHI: Nimelazimika kuifungua tena bahasha. Priscilla alishikwa na uchungu leo asubuhi. Mke wangu, Kahonzi, alikwenda akasimama katikati ya lami, akazuia lori la mchanga, akakataa kupisha. Dereva, Gachanja, mtu wa bara, alimtazama Priscilla, akafungua mlango, akasema, "Mama, hili ni la mchanga tu. Pandeni." Mtoto hakungoja kufika Malindi. Alizaliwa ndani ya lori, kwenye foleni ya mizani ya kampuni. Karani wa hapo alishikilia kwamba hakuna lori linalopita bila kupimwa, basi likapimwa na mzazi na mtoto wakiwa mle mle, na uzito wote ukaandikwa mchanga. Ni msichana. Amelia vizuri, na mama yake yuko salama hospitalini.

Kwa hivyo tafadhali yapuuze yote niliyoandika hapo juu. Madini yasiende popote. Tangu Sista Linet aondoke, huyu ndiye mtoto wetu wa kwanza kupimwa uzito, na amepimwa kwa sababu ameandikwa mchanga. Ombi letu jipya ni kwamba na hawa watoto wetu wengine waandikwe hivyo hivyo.