Kofia ya Mjomba Isianguke

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya kihistoria! Mezani, Mjomba ametangaza hatima ya pikipiki yake, iliyozaliwa kabla yangu na inayonesa kwenye kona kama mlevi anayetafuta mlango. Jumapili kuna gwaride la pikipiki kuukuu uwanjani. Magoti yake hayamruhusu tena kuendesha, hivyo atapakiwa nami. Nikimzungusha uwanja bila kofia yake kuanguka, pikipiki ni yangu. Ikianguka, inakwenda kwa Shemeji, mume wa dada yangu, mwenye duka la vipuri vilivyotumika, ambaye ataikatakata bila huruma. Tayari amemwahidi mteja tangi!

Shemeji aliuliza shahada yangu ya falsafa inahusiana vipi na vyuma. Nilimjibu kwamba aliyesoma mantiki hatishwi na kitu chenye magurudumu mawili tu. Akaomba apitishiwe chumvi. Nimeuhesabu huo kuwa ushindi.

Jumanne, 4 Juni

Uchunguzi. Dada alishika gurudumu la mbele, mimi nikasukuma la nyuma. Kila gurudumu likatazama upande wake, mithili ya mume na mke waliotoka kugombana. Jawabu nililisoma zamani: fremu inajipinda. Kati ya shingo ya usukani na maungio ya gurudumu la nyuma hamna kitu ila injini na matumaini. Dawa ni mihimili ya mshazari. Mraba husukumwa ukalala, pembetatu haisukumiki! Nilimthibitishia Dada kwa njiti za kiberiti. Njiti zilivunjika, lakini hoja ilisimama.

Kilichokosekana ni chuma tu. Jioni nikayaona uani mabomba mawili imara kabisa, yakipoteza maisha yao katika kazi duni ya kushikilia kamba ya nguo.

Jumatano, 5 Juni

Dada hasemi nami. Mashuka yake yamelala ukutani. Historia itamwelewesha.

Fundi wa kuchomelea anaitwa Ongeza na mtaa mzima, kwa kuwa hajawahi kuona kazi yenye chuma cha kutosha. Nilimchorea mihimili miwili. Alikubali kila neno, kisha akasema miwili inaonekana mipweke. Tukabishana kwa adabu. Nilimshinda: tukaweka minne. Aliuliza iwapo injini itolewe kwanza. Nilimwuliza kama daktari humtoa mgonjwa moyo ili amfunge mkanda. Alifurahishwa mno na ulinganisho huo. Tukachomelea injini ikiwa ndani.

Alhamisi, 6 Juni

Jaribio. Kona ya karakana ya mbao, ile iliyowahi kumtupa Mjomba mtaroni. Ikaingia kana kwamba imewekewa reli! Haikunesa, haikusita. Nilirudia mara nyingi kiasi kwamba mlinzi alitoka kuniuliza nimepoteza nini.

Shemeji alipiga magoti kuitazama. Akapitisha kidole katikati ya mihimili, akauliza plagi ya kuwashia injini nitaitoaje siku ikichafuka. Wivu unapojivika ufundi, unasikitisha.

Ijumaa, 7 Juni

Plagi imechafuka.

Spana haiingii. Nimejaribu spana fupi, spana iliyopinda, na kijiko. Mhimili wa tatu, ule wa mapatano, umepita mbele yake kabisa. Injini nayo haitoki. Imezingirwa pande zote. Shemeji alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akaniuliza:

“Shemeji, hiyo injini ulitaka itembee au ulitaka ioze jela?”

Nilimjibu kwamba ngome na jela hutofautishwa na nia ya mjenzi. Alicheka mpaka chai ikammwagikia. Vizuri!

Mchana nikagundua jambo kubwa. Ikisukumwa, inawaka. Ikisimama, inazima. Kwa hiyo kasoro haiko kwenye plagi. Kasoro ni kusimama.

Jumamosi, 8 Juni

Rangi. Nyekundu, mihimili yote minne. Plagi sasa haionekani hata kwa kuchungulia, jambo linalopunguza wasiwasi.

Jumapili, 9 Juni

Ushindi!

Nilimweleza Mjomba kwamba pikipiki za umri huu husukumwa kwa heshima. Akamtazama Shemeji. Shemeji akasukuma. Ikawaka! Kona ya kwanza, imara. Ya pili, imara zaidi. Wenzetu walinesa mbele yetu na nyuma yetu. Mmoja aliacha kioo chake njiani. Kofia ya Mjomba ilikaa kama imepigiliwa.

Mzunguko ukaisha. Mwenye bendera akatuashiria tusimame. Ningesimamaje? Ingezima pale pale, mbele ya Shemeji, aliyekuwa akingoja hilo huku ametabasamu. Nikazunguka tena. Na tena. Mwenye bendera akaanza kutufukuza kwa miguu. Mjomba akaniinamia sikioni, nikadhani ananilaani.

“Kumbe inaweza kwenda hivi, mpwa wangu. Usithubutu kusimama.”

Mafuta yalituishia mbele ya jukwaa. Watu wakashangilia, wakidhani ndivyo tulivyopanga. Kofia kichwani! Mjomba alinikabidhi ufunguo hadharani, machozi yakimlengalenga. Shemeji alitusukuma hadi nyumbani, akilitazama tangi kama mtu anayeagana na ndugu.

Jioni Ongeza alikuja kunipongeza. Akaizunguka pikipiki, akaguna, akasema tangi nalo linaonekana pweke. Kisayansi yuko sahihi: ndicho kitu pekee ambacho hakijafungwa. Mhimili wa tano, basi. Dada ametundika nguo zake kwenye nondo za dirisha la jikoni. Nondo nzuri sana.

Mhimili utapita juu ya kifuniko cha kujazia mafuta. Ongeza hakuliona hilo. Mimi nimeliona mapema, maana sikusoma bure.

Tutajaza mafuta kwanza.