Ndege ya Jeshi Iliyoninyang'anya Uenyekiti wa Vitunguu

Gaspar Mkumbo,
Mbezi Luis, Dar es Salaam.
Alhamisi.

Kwa Ndugu Kornelio, Fundi wa Ndege,
Kinondoni.

YAH: NDEGE KUBWA ZA JESHI NA VITUNGUU VYA TANDALE

Jumapili ya kwanza ya mwezi huu, saa tano asubuhi, nilipoteza uenyekiti wa Umoja wa Wauza Vitunguu wa Tandale, nilioushika tangu binti yangu Hope yuko darasa la pili. Aliyesababisha ni wewe, kijana uliyeleta barua ya posa nyumbani kwangu ukimtaka huyohuyo Hope.

Nieleze kwa utaratibu, ili wazee wako wakiisoma barua hii nao waelewe. Nilikuwa nimewashawishi wenzangu tuache kubembeleza malori, tuungane na masoko mengine, tununue ndege moja kubwa ya mizigo iliyostaafu jeshi, popote duniani inakouzwa, ituletee vitunguu kutoka Singida. Nikakualika mkutanoni uje kama mtaalamu. Jibu lako nilikuwa na uhakika nalo. Kwetu sisi, kijana ambaye posa yake haijajibiwa akiulizwa jambo na baba wa binti, huitikia. Mimi kwa baba mkwe wangu niliitikia kwamba mbuzi wake aliyebaki mifupa amenona. Wewe ukasimama, ukaomba chaki, ukasema ndege za namna hiyo ni nadra sana kugeuka za biashara, na sababu ukazitoa. Watu wakapiga makofi. Bi Tunu, mwanachama mwenzetu, akauliza kama mwenyekiti amewahi kukanyaga hata ngazi ya ndege, na kabla kicheko hakijaisha, mwenyekiti akawa yeye.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulisema ndege hizo zimebeba uzito wa bure: sakafu ya kuhimili kifaru, magurudumu mengi ya kutua kwenye vumbi, mlango mkubwa wa nyuma unaoshuka mpaka chini, na kwamba uzito wote huo unachoma mafuta hata ukipakia pamba. Sasa hapo kosa liko wapi? Mlango unaoshuka mpaka chini maana yake kuli wa Tandale anaingia na mkokoteni wake moja kwa moja. Kutua kwenye vumbi maana yake inanifuata shambani. Sijawahi kuona mtu akilaumiwa kwa kununua kitanda imara mno.

2. Ulisema zilijengwa kwa masharti ya jeshi, hivyo nyingi hazina cheti cha kiraia, na kukitafuta baadaye ni kazi ya miaka na gharama ya kutisha. Kornelio, mimi nilipita jeshini. Nilitoka, nikavua magwanda, kesho yake nikauza vitunguu. Hakuna aliyenipima mabawa.

3. Ulisema zimetengenezwa chache, majeshi huzitumia mpaka zichoke, na vipuri vyake havipatikani ovyo. Hope naye ametengenezwa mmoja tu. Mbona barua yako ya posa haikuuliza habari za vipuri?

4. Ulisema wafanyabiashara wenye akili (maneno yako hayo, na Bi Tunu ameyashika kwa kichwa) huchukua ndege ya abiria iliyozeeka, wakang'oa viti, wakafungua mlango wa mizigo ubavuni, kwa kuwa cheti tayari inacho na mafundi wanaijua. Yaani basi lililochoka ndilo libebe mzigo, na lori lililozaliwa lori liachwe likikodoa macho. Hili ndilo lililoniuma kuliko yote, maana hata mimi nilijikuta natikisa kichwa kukubali.

5. Uliongeza kwamba zile chache zilizoingia kwenye biashara hubeba mizigo isiyo ya kawaida, isiyoingia kwingine. Hujawahi kuona lumbesa? Gunia likishajaa tunaliongezea kichwa mpaka linafanana na bibi harusi aliyefunga kilemba. Serikali imelikataza kwa sababu si la kawaida. Kama huo si mzigo usio wa kawaida, nionyeshe ulio.

6. Na kwa kuwa ndege hizo hudondosha mizigo kwa miavuli, uwanja wenyewe hatuuhitaji. Lumbesa zingeshuka Tandale taratibu, kila moja na mwavuli wake, na mama ntilie wangeshachagua za kwao kabla hazijagusa chini. Hili ulilijua, ukalinyamazia.

Kwa sababu hizo nimezuia jibu la posa. Mshenga wako, Bwana Stanley, alipokuja Jumatano iliyofuata kuliulizia, nilimwambia linasubiri cheti cha kuruka. Hakucheka. Sharti langu ni moja: urudi Tandale, usimame palepale, useme ulikosea. Mimi nitarudishiwa kiti changu, na wewe utampata Hope.

Nisalimie wazee wako wa Songea, wadogo zako wote, na mafundi wenzako pale karakana.

Mimi, niliyekwazwa ila heshima ninayo,
Gaspar Mkumbo,
Mwenyekiti (aliyepinduliwa).

Nyongeza: Bahasha ilikuwa bado wazi nikachukua kalkuleta ili nikumalize kwa hesabu. Ikatoka kwamba kwa mafuta ambayo ndege ile ingechoma kuleta gunia moja kutoka Singida, lori la Fuso linaleta magunia kama kumi. Nikabadilisha betri, nikarudia. Magunia ni yaleyale. Kwa hiyo sharti langu nimelifuta, na Bi Tunu abaki na kiti chake. Lakini Hope, ambaye hajasema nami tangu mshenga aondoke, amemwambia mama yake kuwa wazee wako wameuhesabu ukimya wangu kuwa kukataliwa, na ile safari yao ya kuja kwangu Jumapili hii kupanga mahari wanafikiria kuiacha. Hakukuwa kukataliwa, ni mtu mmoja tu alikuwa amenuna. Jibu la posa ni ndiyo. Limo humu, nimelisaini, na mama yake amelisaini chini yangu. Sasa na wewe nijibu, kwa mdomo wako, si kwa kupitia mshenga, kabla ya kesho Ijumaa saa kumi jioni: wanakuja, au hawaji?