Mgeni wa Mstari wa Sita

Jumanne, 9 Juni 2015

Kompyuta ya Joanitha imegoma. Mungu wangu, wiki hii hii!

Binti yangu anatengeneza programu ya mablanketi ya wakimbizi wa Burundi, ijulikane blanketi lipi limekwenda kwa familia ipi. Ijumaa anaipeleka ofisi ya shirika pale mjini. Clinton, mtoto wa jirani yangu Genoveva, naye anapeleka yake. Kazi ni ya mmoja.

Programu ilikuwa inakwenda vizuri. Asubuhi akaleta ndani kipande kilichotengenezwa na watu wengine huko nje, anakiita dreva, cha kuiunganisha programu na ghala la majina. Hapo hapo maandishi mekundu! Anasema haikompaili. Ndiyo nini? Akanieleza taratibu, maana mimi niliishia darasa la nne: anachoandika yeye ni unga, kukompaili ni kuusonga uwe ugali. Sasa mashine imekataa kusonga. Inasema umemleta huyu wa mstari wa sita na sioni kazi uliyompa.

Kumbe mashine ina akili! Nikamtazama Mzee Elieza.

Mzee Elieza ni binamu ya marehemu mume wangu. Alishuka melini mwezi wa tano na wakimbizi wenzake, ana mkeka na redio isiyo na betri. Anasubiri habari za wanawe. Anasubiria kwenye kigoda, uani, karibu na dagaa ninaoanika. Ukimsalimu, nta kibazo, yaani hakuna shida. Ukimpa uji, nta kibazo. Kazi hana.

Jumatano, 10 Juni

Nimekwenda kwa Genoveva kupeleleza. Nimebeba migebuka miwili ili nisionekane napeleleza. Akapokea samaki, akasema he, Mama Joanitha, hata nilipolazwa hukuniletea samaki, leo kuna nini? Nikasema upendo. Akacheka mpaka akashika mlango. Akasema programu ya Clinton imeshaiva, bado kupakua tu, na kama ya wangu inamsumbua, aje afundishwe. Afundishwe! Na mtoto niliyemfuta kamasi mimi! Nikatoka kwa hasira. Samaki wamebaki huko.

Nikamwambia Joanitha ya Clinton imeiva. Nilitaka kumtia moyo. Amelia.

Alhamisi, 11 Juni

Leo nimefanya kazi mbili, zote za siri.

Ya kwanza, Mzee Elieza. Nimemwambia dada yangu wa Mwandiga anahitaji mtu wa kumsaidia maharage. Dada mwenyewe hajui. Mzee akakunja mkeka. Nta kibazo. Nikampa chapati na sweta la marehemu, akaenda. Roho iliniuma, lakini hata mashine haitaki mgeni asiye na kazi.

Ya pili, Joanitha alipokwenda kwaya. Kompyuta wazi, mstari wa sita umewekewa wekundu kwa chini. Anavyofuta nimeshamwona. Nikafuta. Mstari wote.

Karudi, kabonyeza. Ugali! Hakuna wekundu hata kidogo! Akaruka, akasema labda mashine ilikuwa imechoka. Nikasema labda. Kabla hajaifungua kuona majina, umeme ukakatika, betri nayo ikafa. Nikamwambia alale, mambo yameisha. Nilijisikia kama profesa.

Ijumaa, 12 Juni

Nimemsindikiza na chupa ya chai. Mlinzi akasema wazazi hawaruhusiwi. Nikasema mimi si mzazi, mimi ni chai. Nikapita.

Akaanza Clinton. Yake ilifunguka vizuri, ikampa mtu mmoja mablanketi yote ya kambi. Nikashukuru kimoyomoyo. Ikaja ya wangu. Ikafunguka, nzuri, ikafa! Ikasema dreva hajulikani. Ghala halifunguki, hata jina moja! Bosi, mama mmoja mpole, akasema anampa mpaka baada ya chakula.

Joanitha akatazama mstari wa sita. Akanitazama mimi. Nikamimina chai. Nikasema Genoveva ana wivu sana, ujue. Akasema mama! Mama Clinton amepita wapi, dirishani?

Akamrudisha yule mgeni. Wekundu ukarudi naye. Akahangaika kwenye mtandao, mwisho akamwekea mbele kistari kidogo cha chini. Basi! Ugali, na majina yote! Akanieleza huku amenuna: huyu hahitaji kuitwa kwa jina, akiwepo tu mlango wa ghala unafunguka. Kistari ndicho kinachoiambia mashine, mwache akae, namjua.

Kazi amepata! Nimelia mpaka mlinzi akaniomba chai.

Nimefika nyumbani, bata wa Genoveva wako juu ya dagaa wangu. Kunguru nao. Dagaa wamekwisha! Tangu mwezi wa tano sijawahi kuona hata bata mmoja uani kwangu. Nikakitazama kile kigoda.

Jumapili, 14 Juni

Jana nilimfuata Mzee Elieza huko Mwandiga. Dada hakutaka kumwachia, anasema nyani wamekoma shambani. Nikamwomba Mzee radhi. Nta kibazo. Leo yuko kwenye kigoda chake. Bata wamechungulia, wamegeuka. Nimemnunulia betri za redio.

Nimeapa mbele ya Joanitha, na kanisani nikarudia: sigusi tena kitu nisichojua kazi yake. Akanikumbatia. Nimefurahi sana.

Sasa yuko kwaya. Kompyuta kaiacha wazi mezani, nami nilikuwa nafuta vumbi tu. Kile kistari bado kipo pale mstari wa sita. Kidogo, kimelala, hakina kazi. Kesho anaanza kazi, aende na kitu kichafu?

Nimekifuta. Sasa pamependeza.