Darubini ya Kompyuta na Macho ya Dorotea

Jumatatu, 14 Aprili 1997

Chai ya leo ina chumvi. Nimeinywa yote. Nimesema tamu. Mke wangu Dorotea kacheka, kasema mimi mwongo wa tangu ujana, kaionja mwenyewe.

Mtoto wa jicho kafunika jicho la kulia lote. La kushoto limebaki kama dirisha lililopakwa chokaa. Mimi ananijua kwa kikohozi. Jana kamkaribisha ndani mbuzi wa jirani, kamwambia aketi, kamuuliza za nyumbani.

Habari njema! Nesi wa zahanati kampa kadi. Madaktari wa macho, Wazungu, wanakuja hospitali ya Sengerema, ng'ambo ya ziwa. Siku moja tu kwa mwaka! Wanapasua bure. Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 24. Dorotea kaitia kadi ndani ya kitabu cha sala. Kila saa anaipapasa kama rozari.

Halafu kuna hii nyota ya mkia. Mwanza nzima haina habari nyingine. Inatoka jioni, kaskazini magharibi, juu ya vilima. Mwalimu Kashaija, jirani yangu, Mhaya aliyestaafu na Kiingereza chake chote, anasema ikishaondoka hairudi mpaka ipite miaka elfu mbili na zaidi. Kama vile yeye atakuwepo kuipokea!

Dorotea kaniuliza ikoje. Nikasema kama mwanamke aliyetoka mbio, khanga inaburuta nyuma. Hakucheka. Kasema angependa kuiona mara moja kabla haijaenda.

Basi. Nimeapa. Atapasuliwa, bandeji itatoka, na kitu cha kwanza kuona ni hiyo nyota, kubwa kama sinia! Au kwanza mimi, kisha nyota. Hapana. Nimejitazama kwenye kioo. Kwanza nyota.

Nahitaji darubini.

Jumatano, 16 Aprili

Nimepata! Mzungu mmoja mtafuta dhahabu anarudi kwao, anagawa vyombo vyake. Ana darubini mbili. Hataki hela, anataka nyama ya kuchoma siku ya kuwaaga wafanyakazi wake. Darubini ya kwanza mbuzi mmoja. Ya pili mbuzi wawili.

Nikaenda na Dorotea, kashika shati langu kwa nyuma. Na nani tunamkuta pale, kavaa tai? Mwalimu Kashaija, na mbuzi wake kwenye kamba.

Ya kwanza ni bomba jeupe refu, miguu ya mbao. Unaishika, unaielekeza, unachungulia. Hata mchunga ng'ombe ataiweza. Ya pili fupi, nene, kama debe la samli, na ndani yake kompyuta! Ina rimoti yenye vitufe. Unaiambia tarehe na saa, unachagua jina la nyota, unabonyeza, inanguruma na kugeuka yenyewe. Nyota maelfu kichwani! Mzungu kaniambia keshaiwekea kwamba tuko Mwanza, mimi kazi yangu ni tarehe na saa tu. Nyota ya mkia ni mgeni, haimo kichwani mwake, hiyo nitaitafuta kwa vitufe. Inakula betri ya gari.

Dorotea akazipapasa zote mbili, polepole, kama anavyopapasa kuku wa kununua. Akachagua nyeupe. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, Baba Paskazia, hii ikikosea najua wa kumlaumu ni wewe. Ile nyingine mtasingiziana.

Wanawake! Mwalimu akadakia kwamba Mama Paskazia kasema kweli, kwamba Ngosha, yaani sisi Wasukuma, na kompyuta wapi na wapi, darasa la nne la mkoloni. Hapo ndipo nilipotoa mbuzi wawili.

Yeye kachukua nyeupe. Maskini.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua tangu jana. Bati linavuja. Nimeilaza darubini kitandani upande wangu, nimeifunika blanketi. Mimi nimelala mkekani. Dorotea kaipapasa, kaikuta imelala kavu, kanipapasa mimi, kanikuta nimelowa. Kauliza mgonjwa wa nyumba hii ni nani.

Swali la kichokozi.

Jumamosi, 19 Aprili

Mbingu nyeupe! Yaani safi. Majirani wamekuja na vigoda. Nimevaa koti la harusi ya binti yetu Paskazia. Nikawaeleza kwamba mashine hii inajua mbinguni kuliko padri. Dorotea nimemkalisha mbele, ingawa haoni. Ni heshima.

Saa moja na nusu jioni. Nikaingiza tarehe. Nikaingiza saa: moja na nusu, kama ilivyo. Nikachagua nyota kubwa ile inayong'aa kupita zote, kila mtu anaiona, iko juu pale. Nikabonyeza.

Ikanguruma. Ikageuka. Ikaanza kushuka. Ikashuka tena! Ikainama kama mwenye tumbo la kuendesha, ikaelekeza pua kwenye choo cha Mwalimu Kashaija, ikasimama hapo, ikalia pii.

Na wakati huohuo mlango wa choo ukafunguka. Mwalimu katoka, suruali mkononi. Watu wakapiga makofi.

Nikarudia. Choo. Mara ya tatu, choo. Majirani wakahamia uani kwa Mwalimu, akawaonyesha nyota ya mkia kwa lile bomba lake la mbao. Nilisikia wanavyoguna huko: aah! aah!

Dorotea tu kabaki. Kauliza wameona nini. Nikasema hakuna kitu, wanaguna kwa adabu.

Jumapili, 20 Aprili

Baada ya misa Mwalimu kanishika mkono mbele ya watu. Kauliza niliiambia saa ngapi. Nikasema saa moja na nusu, ndiyo saa iliyokuwepo. Kacheka mpaka akaketi kwenye ngazi za kanisa. Kasema mashine ya Kizungu inataka saa ya Kizungu, Ngosha! Saa moja na nusu yetu, kwao ni saba na nusu jioni. Wewe umeiambia ni usiku wa manane, nyota imeshazama, ikaenda kuitafuta chini ya ardhi.

Chini ya ardhi. Kwenye choo.

Sawa. Mimi si mtu wa kuambiwa mara mbili. Kuanzia leo, chochote cha Wazungu, nahesabu Kizungu. Na kwa Mwalimu siulizi tena kitu mpaka nife.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimeiambia saa ya Kizungu. Imekwenda moja kwa moja kwenye nyota! Kama mbwa anayemjua bwana wake! Nimelia kidogo. Upande wa nyota ya mkia mawingu, lakini si kitu, tunamsubiri Dorotea apate macho. Nimemwambia bado siku tatu. Kasema anajua, anazihesabu kwa vidole.

Jumatano, 23 Aprili

Kesho safari. Dorotea kafua khanga mpya, kanitolea kadi nimsomee saa. Imeandikwa: Alhamisi 24/4, saa 2.00.

Akasema basi tuwahi kivuko cha alfajiri. Ningekuwa Ndalahwa wa juzi ningekubali. Lakini mimi sasa ni mtu wa darubini. Nikamwambia, mama, fikiri. Madaktari ni nani? Wazungu. Saa yao? Ya Kizungu. Saa mbili ya Kizungu ni saa nane mchana! Tukienda alfajiri tutachekwa, tutakaa juani kama dagaa.

Halafu kasema labda nimuulize Mwalimu. Nikamwambia Mwalimu ana kazi yake chooni.

Kairudisha kadi kwenye kitabu cha sala. Kasema haya, wewe ndiye macho yangu.

Alhamisi, 24 Aprili

Tulifika saa saba na nusu mchana. Nusu saa kabla! Nilikuwa najisifu langoni.

Mabenchi matupu. Mtu mmoja anapiga deki. Sista mmoja, Wilhelmina, kaja, kaishika kadi, kaitazama, kanitazama mimi. Kanipa shikamoo. Kasema mzee, wagonjwa waliitwa saa mbili asubuhi. Saa sita madaktari wamemaliza, wamepanda gari. Mpaka mwakani.

Nikasema hiyo saa ya kwenye kadi ni ya Kizungu. Kasema, kadi niliiandika mimi, baba. Mimi ni wa hapahapa.

Kisha kamgeukia Dorotea. Kasema jina lako tuliliita mara tatu, mama. Nilitoka mpaka langoni kukuita.

Dorotea kauliza waliopasuliwa wako wapi. Kaonyeshwa wodi, yaani kaongozwa. Kasimama mlangoni. Ndani kuna bibi mmoja wa rika lake, bandeji jichoni, anasimulia kwa sauti kwamba kesho atawaona wajukuu. Dorotea kampa hongera. Kamshika mikono yote miwili.

Kwenye kivuko alikuwa anaipapasa ile kadi. Ziwa lilikuwa limetulia, lakini sikumwambia. Karibu na Mwanza kauliza kama jua limezama. Lilikuwa bado, tena kali. Nikasema ndiyo, limezama. Sijui kwa nini.

Jumapili, 27 Aprili

Mbingu safi. Nikatoa darubini. Nimebonyeza vitufe saa nzima, nyota ya mkia siioni, naona paa la bati tu. Kumbe betri imekwisha, mashine imekufa pua ikitazama bati.

Mwalimu Kashaija kaja. Nikajiandaa kutukanwa. Hakutukana. Alikuwa kabeba bomba lake jeupe begani, kalisimamisha uani kwangu, kaelekeza kwa mkono. Kasema kwa upole, Mzee Ndalahwa, tazama. Hajawahi kuniita mzee.

Nikatazama.

Sitaandika nilichoona.

Dorotea kasimama pembeni, kashika mguu wa mbao. Akaomba achungulie na yeye. Tukamwinamisha. Kaweka jicho la kushoto, kakaa hapo muda mrefu sana. Mwalimu kamuuliza, mama, unaona? Kasema anaona weupe. Kisha kasema, lakini hata kwenye ukuta naona weupe.

Akaniambia nimsimulie. Ile ya khanga nikaona aibu kuirudia. Nikasema ni kama moshi wa jiko la mama yako, asubuhi ya baridi, unapouona kwa mbali na wewe unarudi nyumbani. Kasema ahaa. Kasema, basi nimeiona.

Mwalimu alikuwa anafuta lenzi. Kaifuta sana.

Ijumaa, 2 Mei

Nyota ya mkia inashuka kila siku. Mwalimu anasema baada ya wiki chache hatutaiona tena. Tumerudi kutosemezana, kaniambia betri ya gari huchajiwa, hainunuliwi nyingine kama nilivyotaka.

Lakini nina mpango! Kadi mpya imeletwa na nesi wa zahanati. Aprili mwakani. Sista Wilhelmina safari hii kaandika kwa herufi kubwa, kapiga na mstari: SAA 2 ASUBUHI.

Dorotea kaniambia nisome. Nikasoma. Nikafikiri. Kwa nini aongeze neno asubuhi kama hakuna siri? Nimekokotoa mara tatu. Saa mbili asubuhi ya Kizungu, ndugu zangu, ni saa nane usiku! Watatupasua usiku wa manane, kukiwa na baridi, mikono ya daktari haitoi jasho. Hawanipati tena! Tutavuka jioni, tutalala kwenye benchi la hospitali, na darubini nitaibeba.

Nilimweleza Dorotea. Nilitegemea ubishi. Vidole vyake vikahesabu kitu. Halafu kacheka, mara ya kwanza tangu Sengerema, kacheka mpaka kashika ukuta.

Kasema hesabu yangu ni nzuri sana, maana asubuhi itatukuta tayari kwenye benchi. Kasema nisimuulize mtu yeyote, nisiibadilishe.